Kamati ya 1851 au ya 1856? Kuchagua kisa kimoja cha San Francisco kwa somo la kujichukulia sheria mkononi

Mtu anayetaka kufundisha, kuandika au kuendesha mdahalo kuhusu raia wanaojichukulia sheria mkononi katika mji mchanga hawezi kuikwepa San Francisco ya katikati ya karne ya 19, kwa sababu huko jambo hilo lilifanywa mchana kweupe na watu wenye maduka, maghala na fedha benki, ambao waliweka kumbukumbu za vikao vyao na kutia sahihi hukumu zao. Mji huo uliunda Kamati ya Ulinzi mara mbili, Juni 1851 na Mei 1856. Kila kamati ilinyonga watu wanne, kila moja ilimpuuza gavana wa California aliyekuwa madarakani, na baadhi ya viongozi walikuwa walewale. Ndiyo maana masimulizi mengi huzifunga pamoja, ya pili ikihesabiwa kuwa marudio ya ya kwanza kwa ukubwa zaidi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mwanamdahalo mwenye nafasi ya kisa kimoja tu. Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea. Kisa cha 1851 kinahusu hofu ya uhalifu, na kisa cha 1856 kinahusu nani autawale mji, lakini watu wa 1856 waliazima lugha, alama na hofu za 1851 kuufunika ugomvi wao wa kisiasa, na mkopo huo ndio unaotuchanganya hadi leo. Anayetaka kuona haki ya mkononi ikizaa serikali achukue 1856. Anayetaka kuona watu wa kawaida wanavyofika mahali pa kufunga kitanzi achukue 1851, mradi awe tayari kuieleza kwa ukamilifu kesi ya Thomas Berdue, mtu aliyehukumiwa kwa kudhaniwa kuwa mhalifu mwingine.

Mji uliozizaa kamati zote mbili

Dhahabu ilipoonekana kwenye kinu cha mbao cha John Sutter tarehe 24 Januari 1848, San Francisco ilikuwa kijiji cha watu elfu moja hivi, ambacho mwaka mmoja tu nyuma kilikuwa kikiitwa Yerba Buena. Kufikia 1850 wakazi walikuwa wakikaribia 25,000, na katikati ya muongo huo walikadiriwa kuwa 50,000, wengi wao wanaume vijana waliokuja kuchuma na kuondoka. Mabaharia walizitelekeza meli bandarini wakakimbilia machimboni, na moja ya meli za bandarini, Euphemia, ilinunuliwa na baraza la mji ikafanywa gereza. California ilipata hadhi ya jimbo tarehe 9 Septemba 1850, yaani miezi tisa kabla ya kamati ya kwanza kuundwa, hivyo mahakama na polisi vilikuwa bado vinajengwa huku watu wakizidi kumiminika.

Juu ya hayo kulikuwa na moto. Kati ya Desemba 1849 na Juni 1851 mji uliungua vibaya mara sita, na moto wa Mei 1851 ulishinda yote iliyotangulia kwa uharibifu. Wakazi wengi waliamini kwamba moto huo uliwashwa kwa makusudi na wahalifu waliotoka makoloni ya wafungwa ya Australia, ambao walikaa chini ya kilima cha Telegraph katika mtaa uliopewa jina la Sydney-Town. Wahamiaji wengi kutoka Australia hawakuwa wafungwa hata kidogo, lakini jina baya lilikwisha kuwapaka wote.

Kulikuwa pia na mfano wa nyuma. Tarehe 15 Julai 1849 genge lililojiita Hounds, ambalo wengi wake walikuwa askari walioachishwa jeshi, liliwavamia Wachile katika mahema yao, likawapiga na kuwapora. Mfanyabiashara Sam Brannan aliwahamasisha wakazi, wakajiandikisha kuwa polisi wa kujitolea, wakawakamata wavamizi na kuwashtaki mbele ya mahakama ya dharura. Hakuna aliyenyongwa. Kisa hicho kinastahili aya moja katika somo lolote, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mkusanyiko wa raia waliokasirika ungeweza pia kuishia kwenye hukumu ya kifungo, na kwamba mwanzoni waliotetewa walikuwa wageni.

Kisa cha 1851

Tarehe 19 Februari 1851 wanaume wawili waliingia katika duka la mfanyabiashara C. J. Jansen, wakampiga hadi akazimia, wakaondoka na fedha. Polisi walimkamata mtu waliyedhani ni James Stuart, mhalifu aliyejulikana kwa jina la English Jim, pamoja na mwenzake aliyeitwa Windred. Aliyekamatwa alisema kwamba yeye si Stuart, kwamba jina lake ni Thomas Berdue, na kwamba hajawahi kuonana na Jansen. Alipelekwa kitandani kwa majeruhi, naye majeruhi akamtambua.

Hapo maelfu ya watu wakalizunguka jengo la mahakama wakitaka kunyonga. Kijana mfanyabiashara William T. Coleman alipendekeza kwamba badala ya kuwanyakua watuhumiwa, umma uwafanyie kesi hapohapo, kwa jaji, mwendesha mashtaka, mtetezi na jopo la watu kumi na wawili. Kesi ikafanyika. Wajumbe tisa waliona watuhumiwa wana hatia, watatu wakakataa, na licha ya makelele ya nje hao watatu hawakurudi nyuma. Umati ulitawanyika bila damu kumwagika.

Yaliyofuata ndiyo yanayokifanya kisa hiki kuwa na thamani. Mahakama halali iliwatia hatiani Berdue na Windred. Kisha Berdue alipelekwa Marysville kujibu shtaka la mauaji, bado akidhaniwa kuwa Stuart, na huko nako akahukumiwa kifo. Mwanzoni mwa Julai, watu wa Kamati ya Ulinzi, ambayo sasa ilikuwa imeundwa, walimkamata mtu mmoja kwa tukio lingine kabisa wakagundua kwamba ndiye Stuart mwenyewe. Stuart aliungama makosa mengi, likiwemo la Jansen. Kamati ilimnyonga gatini kwenye mtaa wa Market tarehe 11 Julai, na Berdue akaachiwa huru.

Kisa hicho kina makali pande mbili, na mwalimu asiwafiche wanafunzi upande hata mmoja. Watetezi wa kamati wana haki ya kusema kwamba bila wao mahakama ingemnyonga mtu asiye na hatia. Wapinzani wana haki ileile ya kujibu kwamba umati wa Februari ungemnyonga mapema zaidi, na kwamba kilichomwokoa siku ile ni wajumbe watatu waliokubali kuchukiwa na maelfu. Sijui kisa kingine cha namna hii ambacho hoja zote mbili zinakaa ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Kamati yenyewe ilianzishwa tarehe 9 Juni 1851, na mtu wake wa kwanza akapatikana usiku uliofuata. John Jenkins aliiba kasiki katika ofisi moja ya gatini, akaipakia kwenye mtumbwi na kupiga makasia kuelekea ghuba. Alipoona anafukuzwa aliitupa majini, lakini alikamatwa na kasiki ikaopolewa. Kengele ya kikosi cha zimamoto iligongwa kuwaita wanachama, kesi ikaendeshwa kwa saa chache katika chumba cha kamati, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 11 Jenkins akavutwa juu kwenye boriti ya baraza ya jengo la zamani la forodha, uwanjani Portsmouth. Mwanasiasa David Broderick alikuwepo na alijaribu kuzuia, akashindwa. Uchunguzi rasmi wa kifo ulipowataja baadhi ya wahusika, kamati ilijibu kwa kuchapisha majina ya wanachama wake wote, kana kwamba inaiambia serikali iwakamate wote kama inaweza. Haikuweza.

Mwezi Agosti mvutano na dola ulifika kileleni. Kamati ilikuwa inawashikilia Samuel Whittaker na Robert McKenzie, na ilikwisha kuwahukumu kifo. Tarehe 20 Agosti, Gavana John McDougal na Sherifu Jack Hays walikuja alfajiri na hati ya mahakama, wakawachukua wafungwa hao bila kupigwa risasi hata moja na kuwapeleka gerezani. Siku nne baadaye, Jumapili mchana wafungwa walipokuwa kwenye ibada, watu wa kamati walivamia gereza, wakawatwaa wote wawili na kuwanyonga nje ya madirisha ya makao yao kwenye mtaa wa Battery. Kazi yote, kutoka gerezani hadi kitanzini, ilichukua chini ya nusu saa. Septemba kamati ilisimamisha shughuli zake.

Hesabu ya kazi yao ni hii: wanne walinyongwa, mmoja alichapwa viboko, 14 walirudishwa makwao kwa meli, 14 waliamriwa kuondoka, 15 walikabidhiwa kwa mahakama na 41 waliachiwa. Namba hiyo ya mwisho haitajwi sana, nayo ndiyo inayoitofautisha kamati na wale wananchi wenye hasira kali tunaowasoma katika taarifa za polisi. Hawa walichunguza, na zaidi ya mara moja waliona hakuna kosa. Hata hivyo walipanda pia kwenye meli zilizotoka Sydney na kuwahoji abiria waliokuwa hawajashtakiwa kwa lolote, na kwa baadhi yao kosa lenyewe lilikuwa bandari waliyotoka.

Kisa cha 1856

Miaka mitano baadaye hali ya mji ilikuwa nyingine. Kulikuwa na mahakama, gereza la mawe, mabaraza ya madiwani na magazeti mengi, na mahakama ilikwisha kumnyonga mtu kihalali, José Forner, Desemba 1852. Kilichokuwa kimeoza kilikuwa ni fedha na uchaguzi. Mapema 1855 mabenki kadhaa yalifunga milango, wafanyabiashara wengi walikuwa na madeni, na kodi ya mji ilikuwa nzito. Broderick, Mkatoliki mwenye asili ya Ireland aliyejifunza siasa New York, alikuwa amekijenga Chama cha Demokrasia cha mji kwa mbinu za huko: wafuasi wa mitaani, ajira za umma kwa watiifu, na masanduku ya kura yasiyoaminika. Wafanyabiashara walilalamika kwamba mji umetekwa, ingawa wengi wao kwa miaka walikuwa hawajishughulishi na kupiga kura.

Sauti ya malalamiko hayo ilikuwa ya James King of William, mwenye benki wa zamani aliyefilisika ambaye Oktoba 1855 alianzisha gazeti la Daily Evening Bulletin na kuwataja kwa majina wale aliowaona wala rushwa. Mwezi uliofuata mcheza kamari Charles Cora alimpiga risasi na kumuua Marshali wa serikali kuu, William Richardson, baada ya ugomvi ulioanza kwenye jumba la maonyesho. Januari 1856 jopo la mahakama lilishindwa kukubaliana kuhusu Cora, naye King akaandika kwamba wajumbe wamenunuliwa. Tarehe 14 Mei gazeti lake likamwandama diwani James P. Casey, mhariri wa gazeti pinzani, likasema kwamba aliwahi kufungwa katika gereza la Sing Sing huko New York. Habari ilikuwa ya kweli. Jioni ileile Casey alimpiga King risasi barabarani, kisha akakimbilia gerezani kwa usalama wake.

Kamati ilifufuliwa siku iliyofuata, Coleman akiwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Isaac Bluxome, yuleyule wa 1851, na kwa kuwa wanachama walijulikana kwa namba, hati zilizokuwa zikitoka miaka mitano nyuma kwa sahihi ya katibu namba 67 sasa zilitoka kwa sahihi ya katibu namba 33. Nembo ilikuwa jicho lisilofumba. Lakini ukubwa haukulingana kabisa: kamati ya 1851 ilikuwa na wanachama 700 hivi, na ya 1856 ilikuwa na kati ya 6,000 na 8,000, waliopangwa katika makampuni yenye bunduki na mizinga. Jumapili ya tarehe 18 Mei zaidi ya watu 2,000 waliandamana kimya hadi gerezani, wakauelekeza mzinga kwenye mlango, naye Sherifu David Scannell akamtoa Casey na baadaye Cora. King alifariki tarehe 20. Tarehe 22, jeneza lake likipitishwa mitaani, Casey na Cora walinyongwa mbele ya makao ya kamati, muda mfupi baada ya Cora kufungishwa ndoa na mwanamke aliyekuwa akiishi naye.

Kama kamati ingevunjwa siku hiyo, ningekubali kwamba kisa cha pili ni marudio ya cha kwanza. Haikuvunjwa. Iliendelea kwa karibu miezi mitatu, na katika muda huo watu wengi iliowashughulikia hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa watendaji wa chama, wengi wao Waayalandi Wakatoliki waliokuwa wakikifanyia kazi chama cha Broderick, kama Charles Duane na Billy Mulligan, na walifukuzwa nchini kwa meli kwa tuhuma za kuchakachua kura na kutisha wapigakura. Kamati ilionyesha hadharani sanduku la kura lililotengenezwa kwa kitako cha uongo, ambamo karatasi zingeweza kufichwa kabla ya uchaguzi kuanza, na hapana shaka lilikuwa ushahidi mzito. Bondia Yankee Sullivan, aliyeungama kushiriki wizi wa kura, alikutwa amekufa katika chumba cha mahabusu wa kamati tarehe 31 Mei. Baadaye kamati iliwataka viongozi waliochaguliwa wajiuzulu.

Makao yake kwenye mtaa wa Sacramento yalizungushiwa ukuta wa magunia ya mchanga, ndipo watu wakayaita Fort Gunnybags. Gavana J. Neely Johnson alitangaza kwamba mji uko katika uasi. Kamanda wa wanamgambo wa jimbo katika eneo hilo alikuwa mtu wa benki aliyeitwa William T. Sherman, ambaye miaka minane baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, angevuka Georgia na jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini. Sherman alitegemea bunduki za serikali kuu kutoka ghala la Benicia, lakini Jenerali John Wool alikataa kuzitoa, naye Sherman akajiuzulu. Silaha nyingine za jimbo zilisafirishwa kwa mashua Julia, watu wa kamati wakaiteka majini na kuzichukua. Gavana alipoomba msaada Washington, alijibiwa kwamba hajatimiza masharti ya sheria, kwa kuwa bunge la jimbo halikuitishwa kwanza. Kwa hiyo katika majira hayo ya joto hakukuwa na nguvu yoyote San Francisco iliyoweza kuizuia kamati isipokuwa kamati yenyewe.

Jambo lililokaribia kuiangusha ni jaji. David S. Terry alikuwa mmoja wa majaji wa Mahakama ya Juu ya California, mtu wa Kusini mwa Marekani mwenye hasira za karibu aliyetembea na kisu. Tarehe 21 Juni alijaribu kuwazuia watu wa kamati wasimkamate mtu waliyekuwa wakimtafuta, na katika vurugu alimchoma shingoni Sterling Hopkins. Kamati ilimtia mbaroni, na siku hiyohiyo ikazifanya ghala za silaha za wapinzani wake kujisalimisha. Kisha ikajikuta na tatizo isilokuwa na jibu lake: Hopkins akifa, watamnyonga jaji wa mahakama ya juu, na asipokufa, watamwachia mtu anayewahesabu wote kuwa waasi. Hopkins alipona. Terry alipatikana na hatia ya kumshambulia, lakini baada ya karibu wiki saba akaachiwa, jambo lililowaudhi wanachama wengi wa kawaida waliotaka afukuzwe. Katikati ya hayo, tarehe 29 Julai, kamati ilinyonga wauaji wawili, Joseph Hetherington na Philander Brace, na tarehe 18 Agosti ikafanya gwaride kubwa na kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Watu walewale waliunda Chama cha Wananchi, ambacho wagombea wake waliteuliwa na jopo dogo lililokutana kwa siri, na Novemba 1856 kikashinda uchaguzi wa mji. Kiliendelea kuutawala kwa takribani miaka kumi. Sheria mpya ya kuunganisha mji na kaunti ilipunguza ofisi na mamlaka ya kutumia fedha, na matumizi ya mji yakashuka kutoka zaidi ya dola milioni 2 mwaka 1855 hadi chini ya dola 400,000 miaka miwili baadaye. Wafanyabiashara waliitaja akiba hiyo kwa fahari, na walikuwa na haki kwa kiasi, kwani ubadhirifu uliokuwepo ulikuwa wa kweli. Ila kodi iliyoshuka ilikuwa kodi yao.

Gazeti moja, kamati mbili

Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu anaweza kuiona tofauti yote katika habari ya gazeti la Herald. Mwaka 1851 mhariri wake, John Nugent, aliiunga mkono kamati kwa nguvu, na gazeti lilistawi likawa miongoni mwa makubwa ya mji. Mei 1856, asubuhi baada ya King kupigwa risasi, Nugent alilitaja tukio kwa maneno ya kupoza na akapinga kuundwa kwa kamati mpya. Wafanyabiashara walirundika nakala za Herald mtaani Front wakazichoma moto, na wenye minada, ambao matangazo yao ndiyo yaliyokuwa yakililisha gazeti, wakayahamishia gazeti la Alta. Herald likapungua ukubwa ghafla na halikupata tena nguvu zake.

Hakuna aliyemnyonga Nugent wala kumfukuza nchini. Kwa maoni yangu ndiyo sababu mfano wake unafundisha kuliko vitanzi: katika 1851 kamati ilikuwa na adui aliye nje ya mji wa wafanyabiashara, na magazeti hayakuwa na cha kupoteza kwa kuisifu, lakini katika 1856 kamati ilikuwa ndiyo soko lenyewe, na mhariri aliyeikosoa alikuwa anawakosoa wateja wake wote kwa siku moja.

Uchague kwa swali lako

Ukiwa na wanafunzi wa sekondari au kikundi cha mdahalo, na swali lenu ni kama raia wanaweza kamwe kuwa na haki ya kuadhibu pale dola inaposhindwa, chukua 1851. Wahusika ni wachache, mfululizo wa matukio ni mfupi, na kesi ya Berdue inawapa pande zote mbili silaha zinazolingana. Hatari yake ni kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kilihifadhiwa na kamati yenyewe, hivyo kisa huteleza upesi kikawa cha mashujaa. Kinga nzuri ni kuwauliza wanafunzi kuhusu abiria wa Sydney waliorudishwa bila kosa, na kuhusu Whittaker na McKenzie, ambao walikuwa tayari mikononi mwa sherifu, ndani ya gereza, hati ikiwa mezani. Hoja ya kwamba dola haipo haisimami siku hiyo ya tarehe 24 Agosti.

Ukiwa na wanafunzi wa chuo, au unaandika kuhusu uchaguzi, vyama na matumizi ya nguvu, 1856 hakina mshindani. Ubaya wake ni kwamba kinadai maandalizi. Wapinzani wa kamati hawakuwa kambi moja: Gavana Johnson na Jaji Terry walitoka katika chama kilichopinga wahamiaji na Wakatoliki, na Broderick alikuwa Mkatoliki na kiongozi wa wahamiaji, lakini wote walijikuta upande wa sheria. Broderick alisema baadaye kwamba aliyalipia magazeti yamtetee Terry alipokuwa mahabusu wa kamati. Septemba 1859 Terry huyohuyo alimpiga risasi Broderick, wakati huo seneta wa Marekani, katika mapambano ya bastola yaliyotokana na matusi ya kisiasa, naye akafa siku tatu baadaye. Asiyeeleza miungano hii ya dharura atawaacha wasikilizaji wakidhani kwamba 1856 ilikuwa vita kati ya watu safi na wachafu, ambayo ndiyo picha kamati iliyoitaka.

Wapo watakaosema ni afadhali kuvichukua visa vyote viwili. Nakubali iwapo muda unatosha, lakini visifundishwe sambamba kwa kuorodhesha vinavyofanana, kengele kwa kengele na kitanzi kwa kitanzi, kwa maana kufanana huko kulitengenezwa kwa makusudi na watu wa 1856. Kipimo kinachovitenganisha ni kuuliza kila kamati ilifanya nini baada ya kuwanyonga watu walioufanya mji ukusanyike. Ya 1851 ilirudi madukani. Ya 1856 ilienda kutafuta kura.

Mimi nikilazimishwa kuchagua kimoja huchukua 1856, na sianzi na risasi ya Casey kama wengi wanavyoanza. Naanza na kufungwa kwa mabenki mapema 1855, napita kwenye sanduku la kura lenye kitako cha uongo, nakaa muda mrefu kwenye zile wiki saba za Terry, na nasimama kwenye matokeo ya uchaguzi wa Novemba 1856. Kisa cha 1851 nakitumia kwa dakika chache katikati, mahali ambapo Bluxome anakaa tena kwenye meza ya katibu na kubadilisha namba yake.